Timazi ya Eliakimu

Afisa wa pasipoti, pale Embakasi, aliuliza:
Mnatoka wapi, akina mama?
Jericho, tukasema.
Mnakwenda wapi?
Jericho.
Akatukodolea macho, akagonga muhuri,
akabaki akicheka peke yake.

Tulikuwa kumi na mmoja. Tungekuwa kumi na wawili.
Daftari ninalo mimi, Dorkasi, mweka hazina:
shilingi mia mbili kila Jumapili, miaka minne,
baada ya ibada, kabla ya chai.
Jina la nane ni Eliakimu Shiundu, fundi wa mawe.
Hakukosa kutoa ila wiki ile ya mwisho,
na wiki ile nilimwandikia *yuko njiani*
kwa kuwa daftari halikuwa na safu ya kifo.

Trufena, mkewe, hakudai pesa zirudishwe.
Alinipa timazi: kamba iliyokolea chokaa,
na chuma kizito, kimechongoka kama kiazi.
Ipeleke, akasema, ikaone kazi ya wenzake.

Kule tulivaa kofia za manjano, zote sare,
tukaufuata mwavuli wa kiongozi kama vifaranga.
Kanisa la kale lilikuwa kuta tatu za kufika kiunoni
na sakafu ya vijiwe vya rangi: mzabibu,
kikapu, tausi asiye na kichwa.
Kiongozi alitaja karne, akataja askofu;
mimi nilisikia miguu yangu tu.
Mchungaji Mulwa akasoma zaburi. Bosibori akalia.
Mimi niliteremsha timazi pembeni mwa ukuta
nikangoja itulie, kama alivyokuwa akingoja yeye,
mdomo wazi kidogo, hana haraka na mtu.

Ukuta ulikuwa wima. Hata unywele haukupenya.
Mitetemeko yote ile, mbuzi, majeshi,
na fundi asiye na jina bado hajakosea.

Mlinzi akapuliza filimbi: Mama, usiguse!
Nikakunja kamba. Lakini nilikuwa nimeona, chini,
pale ambapo mtu hufika akipiga magoti,
msalaba mdogo uliokwaruzwa kwa msumari,
umepinda,
wa mtu mwenye hofu, au aliyekuwa akiitwa nyumbani.

Tulirudi Jumatano. Stima hakuna mtaa mzima.
Na kwenye ukuta wa kanisa letu, huu wa mawe ya Njiru
alioujenga Eliakimu akila githeri kwenye mkebe wa kasuku,
watu wenye makoti ya kung'aa wameandika X
kwa rangi nyekundu.
Nyumba ya Trufena, X. Choo, X. Duka la Musembi, X.
Sisi wa Jericho tunajua habari za kuta,
ila safari hii hapakuwa na tarumbeta,
ilikuwa brashi tu, na ndoo.
Maghorofa, wanasema. Lifti.
Nani hataki lifti, magoti yakiwa haya?

Nilimkabidhi Trufena timazi yake.
Hakuuliza habari za tausi. Alitoka gizani,
akaishusha mbele ya ile X ya kanisa,
mimi nikimmulika kwa simu.
Tukangoja itulie.
"Vidole viwili," akasema. "Umelala vidole viwili.
Nilimwambia mwaka ule ule, akaninunia siku tatu."
Tukacheka hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Kisha nikaitazama ile X kwa muda mrefu.
Ni msalaba uliochoka, nikawaza, ukaegemea.
Sijui watakaokuja hapa kuangalia mabaki yetu
watavaa kofia za rangi gani,
wala kiongozi atawadanganya nini kuhusu sisi.
Apatikane mmoja tu wa kuinama.

Trufena ameshainama. Ana msumari.
"Sogeza mwanga," ananiambia.
"Hiyo E yake ina vijiti vingapi, vitatu?"
Vitatu, nasema. Anza na cha juu.